Tumepata nafasi kwenye supakompyuta, mbona majibu yanachelewa vilevile?

FundiMnara (Jumapili, saa 4:12 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, na tafadhali tusianze na "soma mwongozo". Nimeusoma mpaka macho yanawasha.

Niko kiwanda cha saruji, upande wa uzalishaji, tani 1,500 za klinka (mawe yanayotoka tanurini, yakisagwa ndiyo saruji) kwa siku. Mnara wetu wa kupasha moto unga mbichi kabla ya tanuri una ngazi nne za saikloni, na za juu kabisa ni pacha. Kwa asiyezijua: saikloni ni pipa kubwa la chuma lenye kitako kilichochongoka. Gesi ya moto kutoka kwenye tanuri inaingia ubavuni kwa kasi, inazunguka, unga mbichi unarushwa ukutani na kuteremka chini, kisha gesi inatoka juu kupitia bomba lililozama katikati ya pipa. Mabomba hayo kwenye pacha za juu yamelika na unga, tunayabadilisha kwenye matengenezo makubwa ya mwaka huu. Swali la meneja ni jepesi kulitamka: turudishe kipenyo kilekile, au tupanue kidogo ili feni ivute kwa wepesi? Ukipanua sana, unga unatoroka na gesi. Ukibana, feni inakula umeme.

Nikaamua tusibahatishe, tufanye simulesheni. Natumia OpenFOAM (programu ya kuhesabu mtiririko wa gesi), meshi ya seli milioni 6, yaani saikloni imekatwa vipande vidogo milioni 6 vya kuhesabia, modeli ya msukosuko ile nzito inayohesabu mikazo yote sita ya Reynolds (k-epsilon, ile nyepesi, niliijaribu, kwenye mzunguko mkali namna hii inadanganya). Kwenye kompyuta ya ofisini yenye kori (vichwa vya kuhesabia) 8, kesi moja ilikula siku 11. Mara moja umeme ulikatika siku ya saba. Sitaki kuikumbuka hiyo siku.

Mwezi uliopita, kupitia kijana wa shahada ya pili aliyekuja kufanya utafiti kwetu, tukapata akaunti kwenye klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi moja) ya chuo kimoja. Kori 192! Kesi ile ile saa 15. Nilitangaza ofisini kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Sasa kilichonileta. Nimeandika siku zilivyokwenda kwa kesi ya kwanza:

kuchora na kutengeneza meshi, siku 6
kupandisha mafaili, siku 1
foleni, siku 2
hesabu yenyewe, saa 15
kushusha matokeo (gigabaiti 640, intaneti yetu ni megabiti 20), siku 3
picha na ripoti, siku 4

Karibu siku 17. Zamani kwa kompyuta ya ofisini ilikuwa 21. Bosi ameniuliza mbele ya watu, "Hiyo kompyuta kubwa ndiyo imekuokolea siku nne?" Nikakosa la kujibu. Na hapo sijasema kwamba jaribio la kwanza lilikufa saa nane usiku kwa madai kwamba nimemaliza nafasi, wakati nilikuwa sijafika hata nusu ya nafasi niliyopewa.

La pili: simulesheni inasema presha inayopotea kwenye saikloni za juu ni milibaa 7.8. Manomita ya mnarani inasoma 11. Meneja akiiona hiyo tofauti, mradi umekwisha.

Nina kesi nne za kulinganisha na wiki tano kabla bomba halijaagizwa. Nifanyeje?

---

KijanaWaGPU (Jumapili, saa 4:30 usiku)

Mkuu achana na klasta za foleni, nunueni GPU (kadi ya michoro inayohesabu haraka) moja ya maana muweke ofisini. Mchezo umekwisha.

---

Mama_Klasta (Jumatatu, saa 1:05 asubuhi)

@KijanaWaGPU mdogo wangu, hata ukimpa mashine ya ofisini inayomaliza hesabu kwa dakika moja, bado ana siku 10 za meshi na ripoti. Soma tena orodha yake.

@FundiMnara kwanza hongera kwa kuandika siku moja moja. Watu wengi wanaokuja kwangu wanalia "klasta yako nzito" hawana hata hiyo orodha. Mimi nimetunza klasta tangu enzi za mabaki ya Ranger, ile mashine ya Texas iliyozimwa 2013 na makabati yake kugawiwa Afrika Kusini, Botswana na Tanzania. Baadaye nilikwenda kujifunza zaidi Cape Town kwenye Lengau, nodi 1,368 (nodi ni kompyuta moja ndani ya klasta) za kori 24 kila moja (lengau ni duma kwa Kisetswana, jina limekaa). Mashine ile ndogo na ile kubwa nimeona ugonjwa mmoja, ndio huu wako.

Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta, alilisema mwaka 1967 kuhusu prosesa: ukiharakisha sehemu moja ya kazi, zilizobaki ndizo zinakubana. Linakaa vizuri hata kwenye siku zako. Kati ya siku 21 za zamani, hesabu ilikuwa 11. Hata ingekuwa sifuri, zinabaki 10. Wewe ukaifanya karibu sifuri, halafu ukaongeza siku 6 mpya za kupandisha, kusubiri na kushusha. Klasta imefanya kazi yake. Kazi iliyobaki iko mikononi mwako na ya kijana wako.

Nianze na kushusha, maana hapo ndipo ninapokasirika. Gigabaiti 640 za nini, kaka? Nadhani umeacha OpenFOAM iandike uwanja mzima, yaani namba za kila seli, kila baada ya muda mfupi. Hatua kama 300, sivyo? Na kwa sababu kazi imegawanywa kwa kori 192, kila kori ina folda yake na inaandika faili moja kwa kila kitu: kasi, presha, mikazo, wastani wake, na kadhalika. Weka vitu 10 tu: 192 mara 300 mara 10 ni mafaili 576,000. Hicho ndicho kilichokuua saa nane usiku. Klasta nyingi zina kikomo cha ukubwa NA kikomo cha idadi ya mafaili, na hicho cha pili hakuna anayekisoma mpaka kimuume. Chetu ni laki tano.

Kwa hiyo: fungua controlDict, faili la mipangilio ya OpenFOAM. Weka purgeWrite 2, ibaki hatua mbili za mwisho tu kwa ajili ya kuendelea kazi ikikatika. Weka writeFormat binary, maana naona kwa ukubwa huo unaandika kwa maandishi. Endesha kwa -fileHandler collated, ipo tangu 2017, inakusanya mafaili ya kori zote pamoja badala ya kutawanya. Halafu jiulize meneja anataka kujua nini. Presha ya kuingia, presha ya kutoka, unga uliotoroka. Namba tatu! Hizo ziandikwe kila hatua kwenye faili dogo la maandishi wakati hesabu inaendelea, OpenFOAM ina vifaa vya kufanya hivyo bila wewe kuhifadhi uwanja mzima. Picha nazo zichorwe hukohuko: ParaView, programu ya kuchora matokeo, inaendeshwa bila skrini kwa pvbatch, unaipa skripti moja, inakurudishia picha 12 zilezile kwa kila kesi, kwa pembe ileile na rangi zilezile. Utashusha megabaiti chache hata kwa bando la simu.

Foleni. Uliomba saa ngapi? Nabashiri 48, kwa sababu kila mtu anaomba kikomo "kwa usalama". Mgawa foleni anafanya kazi kama konda wa daladala: ana abiria mkubwa mwenye mizigo anayesubiri viti vinne, lakini kikipatikana kiti kimoja mpaka kituo cha jirani, atamwita mwembamba aliye nyuma. Kazi ya nodi 8 kwa saa 18 inapenya mahali ambapo ya saa 48 haipenyi. Niliwahi kumwona mwanafunzi amekaa siku tatu anasubiri kazi ya saa mbili, kisa aliandika 48. Nilimwambia abadilishe namba moja. Akaanza kukimbia kabla hajanyanyuka kwenye kiti.

Kori 192 kwa seli milioni 6 ni seli kama 31,000 kwa kori. Hapo pazuri, usiongeze. Ukienda 400 kori zitakuwa zinapiga soga kuliko kuhesabu.

Na hizo siku 6 za meshi ndizo zenye akiba kubwa kuliko zote. Mmechora saikloni nzima kwa mkono, na kesi ya pili mtachora tena? Mnabadilisha kipenyo na urefu wa bomba tu. Namba mbili. Ziandikeni kwenye faili moja, skripti ilichore bomba kutokana na namba hizo, na snappyHexMesh, kifaa cha OpenFOAM cha kutengeneza meshi, iendeshwe kwenye klasta hukohuko, si kwenye laptopu halafu mpandishe. Kisha zifungeni kazi kwa mnyororo: meshi, ikifaulu ndipo hesabu, ikifaulu ndipo picha. Kwenye Slurm, programu inayogawa foleni, ni --dependency=afterok na namba ya kazi iliyotangulia. Unatuma kesi zote nne Ijumaa jioni, unakwenda harusini.

Hiyo ya 7.8 na 11 naiacha kwa watu wa saruji. Ila usiiguse modeli mpaka ujue. Nimeona watu wakikaza na kulegeza modeli kama redio ya mkulima mpaka namba "inakubali".

---

Baridi_Kajaani (Jumatatu, saa 6:48 mchana)

Mama kamaliza. Niongeze kidogo kutoka huku Finland, niko mji wenye supakompyuta iitwayo LUMI. Mashine imewekwa kwenye kiwanda cha zamani cha karatasi, inatumia umeme wa maji, na joto lake linapasha nyumba za watu mjini. Sehemu ya Ulaya ya mashine hiyo, mpaka asilimia 20, imetengwa kwa ajili ya viwanda na kampuni ndogo.

Nilichojifunza kwa kuwa jirani na watu hawa: kampuni zinazofaulu hazimfundishi injinia wa kiwanda klasta. Mtu mmoja anayeijua hesabu anaifunga kama fomu. Injinia anajaza kipenyo, urefu, ujazo wa gesi, joto, kiasi cha unga, anabonyeza, kesho anapata ukurasa mmoja. Hajui kama ni Slurm au ni majini. Ukishafika hapo unaweza kuendesha kesi 30 ndogondogo, ukatengeneza jedwali la kukadiria, na meneja akacheza nalo kwenye Excel bila kukupigia simu. Kori nyingi zinalipa zaidi kwa kesi nyingi za wastani kuliko kwa kesi moja ya kifahari.

---

Mzee_wa_Tanuri (Jumatatu, saa 2:20 usiku)

Wanangu, hizo kori siziwezi. Ila saikloni nimelala nazo miaka 31.

FundiMnara, mwanangu, ujazo wa gesi uliouingiza kwenye hesabu umeupata wapi? Umeupima au umeutoa kwenye makaratasi ya mjenzi?

---

FundiMnara (Jumatatu, saa 2:41 usiku)

Shikamoo mzee. Kwenye makaratasi ya mjenzi. Mita za ujazo 64 kwa sekunde, kwa joto la huko juu.

---

Mzee_wa_Tanuri (Jumatatu, saa 3:15 usiku)

Marahaba. Nilijua.

Sikiliza. Unga ukiwa mwingi kwenye gesi unapunguza mzunguko, kwa hiyo presha inayopotea inashuka, haipandi. Kama umesahau unga au umeuhesabu vibaya, simulesheni yako ingesoma juu ya manomita. Yako imesoma chini. Basi usitafute kwenye unga.

Presha inakwenda na mraba wa ujazo. 11 gawa kwa 7.8 ni 1.41. Kipeuo cha pili chake ni 1.19. Maana yake mnara wako unapitisha gesi asilimia 19 zaidi ya uliyoandika. Haitoki kwenye tanuri hiyo, mwanangu. Inaingia njiani. Mnavuta hewa ya Mungu kwenye matundu.

Kesho chukua kipimo cha oksijeni. Pima panapotoka gesi ya tanuri, halafu pima baada ya saikloni za juu. Toa ya chini kutoka ya juu, gawa kwa 21 ukitoa ya juu. Hiyo ndiyo sehemu ya hewa ya wizi.

Na nikwambie jambo la feni. Tuseme kupanua bomba kunawaokolea milibaa 2: paskali 200 mara mita za ujazo 64, gawa kwa ufanisi wa feni 0.75, ni kilowati 17. Kwa siku 320 ni yuniti laki moja na elfu thelathini kwa mwaka. Si haba. Lakini ujazo ukipanda mara 1.2, nguvu ya feni inapanda kwa 1.2 mara 1.2 mara 1.2, ambayo ni 1.73. Hiyo ni kwa makadirio, hewa haiingii yote mahali pamoja. Wewe angalia mwenyewe ipi ni kubwa.

---

Mama_Klasta (Jumatatu, saa 3:22 usiku)

Mzee shikamoo. Naondoka nikatafute kazi nyingine.

---

FundiMnara (Jumatano ya wiki iliyofuata, saa 3:50 usiku)

Wakuu, nimerudi.

Oksijeni: chini asilimia 3.5, juu 6.5. Yaani 3 gawa kwa 14.5, karibu asilimia 21. Mzee, mikono juu.

Tulipanda mnara Alhamisi alfajiri mimi na fundi mmoja wa zamu. Sikuwa na kifaa cha kutafutia uvujaji, nilikata kipande cha kitambaa cha kufutia mashine nikakifunga kwenye fimbo. Kwenye mlango wa ukaguzi wa ngazi ya tatu kitambaa kilivutwa kikabandika kwenye ukingo kama kimepigwa gundi. Kamba ya kuzuia joto haipo kabisa, imebaki alama ya vumbi tu. Kengele za uzito, zile zinazofunga bomba la kushushia unga, mbili zimekwama wazi. Fundi akaniambia, "Hii inajulikana muda, injinia. Ila hakuna aliyeuliza."

Nikaendesha upya kesi ya sasa kwa ujazo ulioongezwa asilimia 21. Imetoa milibaa 11.3 dhidi ya 11 ya manomita. Nilimpelekea meneja karatasi moja tu, grafu moja, na kile kitambaa.

Upande wa klasta: nimefuata kila alichosema Mama. Kijana ameandika skripti ya bomba, meshi sasa inachukua saa mbili kwenye klasta yenyewe. Niliomba saa 18, kazi ikaanza usiku uleule. Kesi nne zote zimekwisha kwa siku tatu na nusu, nimeshusha megabaiti 90. Bosi hajasema kitu ila ameacha kuniuliza.

Uamuzi wa bomba bado. Vipenyo viwili vimetoka kwenye mashindano, viwili vimebaki, na tumekubaliana milango izibwe kwanza, tupime tena, ndipo niendeshe upya kwa ujazo wa kweli. Kinachonitia shaka sasa ni unga unaotoroka: simulesheni inatoa namba, lakini sina kipimo cha kuilinganisha nayo zaidi ya uzito wa vumbi linalorudi kutoka kwenye kichujio. Mzee, hilo linatosha?

---

Mzee_wa_Tanuri (Jumatano, saa 4:10 usiku)

Linatosha kama utapima zamu tatu mfululizo na kinu cha unga mbichi kimezimwa. Kikiwa kinazunguka, vumbi la kinu linajichanganya humo na utahesabu lisilo lako.

---

Mama_Klasta (Jumatano, saa 4:31 usiku)

Na hizo skripti ziwekeni kwenye git (hifadhi inayotunza kila toleo la faili) leo hii, pamoja na maelezo ya namna ya kuziendesha. Kijana wa shahada ya pili anamaliza lini?

---

FundiMnara (Jumatano, saa 4:33 usiku)

Mwezi ujao. Na akaunti ya klasta iko kwa jina lake.

---

Mama_Klasta (Jumatano, saa 4:34 usiku)

Nilijua. Kesho asubuhi mwandikie barua mkuu wa idara.